Chumvi Bondeni: Mpunga wa Mafia na Historia Tusiyoifundisha

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya historia ya pwani, huwauliza wanafunzi wangu swali moja jepesi: mnajua nini kuhusu kisiwa cha Mafia? Majibu hayabadiliki sana. Wa kwanza hutaja magofu ya Kua kisiwani Juani. Wa pili hutaja Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, miezi sita baada ya Waingereza kuitwaa Mafia na kuifanya kituo cha operesheni zao. Wa tatu, ambaye huenda ameona matangazo ya utalii, hutaja papa potwe. Hadi leo hajatokea mwanafunzi aliyenijibu: mpunga.

Siwalaumu. Wanajibu kwa kadiri walivyofundishwa, na sisi tuliowafundisha tuliyapata hayo hayo katika vitabu. Lakini pengo hilo lina gharama. Wakulima wa Mafia, kama wenzao wa Pemba na wa delta ya Rufiji, wanaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja: mvua haishiki tena majira yake, na maji ya chumvi yanaingia katika ardhi iliyokuwa ikitoa mchele. Tunapolisikia jambo hili, huwa tunalipeleka kwa wataalamu wa hali ya hewa na kudhani kwamba historia haina la kusema. Nadhani tunakosea. Chumvi inaingia katika mabonde ambayo kwa zaidi ya karne moja dola, ya kikoloni na ya kwetu wenyewe, haikuyahesabu kuwa mali. Ndiyo maana yanaweza kupotea bila kelele.

Tuanze mbali kidogo. Uchunguzi wa mabaki ya mimea ya kale huko Pemba umeonyesha kwamba katika mji wa Chwaka, kuanzia karne ya 11 hivi, mpunga ulishika nafasi ambayo katika makazi ya awali ya Tumbe ilikuwa ya uwele. Zao hili lililotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi likawa chakula cha heshima cha Waswahili, chakula cha harusi, cha maulidi na cha mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliitaja Mafia pamoja na Unguja na Pemba kuwa visiwa vyenye rutuba na chakula tele, na katika vyakula alivyovihesabu mchele ulikuwamo. Kwa hiyo, tunapozungumzia mpunga wa visiwa hivi tunazungumzia kilimo cha karne nyingi. Hakikuletwa na mradi wowote wa maendeleo.

Kilimo hicho kilisimama juu ya sharti moja la kimaumbile. Mafia haina mto mkubwa. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 50 hivi, na kimetengwa na mdomo wa Rufiji kwa mkono wa bahari wa kilomita zipatazo 20. Maji yote matamu ya Mafia, ya kisimani, ya ziwani na ya bondeni, yametoka mbinguni. Mvua ikinyesha huzama katika mchanga na mawe ya matumbawe, kisha hukaa chini ya ardhi ikiwa imeelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben na Herzberg, walieleza kanuni hii mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita zipatazo 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ni faraja mvua inapokuwa nyingi. Mvua ikipungua ni tishio, kwa maana maji ya juu yakishuka nusu mita tu, mpaka wa chumvi chini ya ardhi huweza kupanda, baada ya muda, kwa mita 20.

Kwa Mafia, basi, mvua hufanya kazi mbili. Hunywesha mpunga, na wakati huohuo huisukuma bahari irudi nyuma. Mvua ya masika huosha chumvi iliyopanda wakati wa kiangazi na kuipeleka chini au kurudi baharini. Mkulima wa bonde lililo karibu na mikoko anajua kwamba mvua za kwanza si za kupandia. Ni za kuisafisha ardhi. Anayepanda mapema mno anaipeleka miche kwenye chumvi. Anayechelewa mno anaweza kukuta maji yamekauka kabla punje hazijajaa.

Uamuzi huo ulihitaji kalenda, na pwani ilikuwa nayo. Pamoja na kalenda ya mwezi ya Kiislamu iliyoongoza ibada, Waswahili walihesabu mwaka wa jua ulioanza na Nairuzi, siku ya mwaka, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zikabaki. Baharia alijua mwongo wa kung'oa nanga kabla kusi halijakaza. Mkulima alijua mwongo wa kufyeka, wa kuchoma na wa kupanda. Ilikuwa elimu ya vipimo, iliyokusanywa kwa vizazi, na ilitegemea dhana moja: kwamba mvua nayo inahesabu siku.

Sasa tutazame mali. Katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti wake mwaka 1965 na kurudi tena na tena kwa miongo kadhaa. Jambo moja katika maandishi yake lingepaswa kusomwa na kila mtumishi wa ardhi nchini. Aliikuta Mafia ikiwa na mifumo miwili ya mali iliyoishi pamoja. Minazi ilikuwa mali ya mtu binafsi, ikauzwa na kurithiwa kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Ardhi ya kulima chakula, ambamo mpunga ulitangulia mazao mengine, ilishikwa na koo zilizohesabiwa kwa upande wa baba na wa mama pia. Katika ardhi hiyo mwanamke alikuwa na haki ya kulima kwa jina lake mwenyewe. Alipanda shamba lake na mavuno yakaingia ghalani kwake. Akiachika, alirudi kwenye haki ambayo hakupewa na mume.

Dola iliiona mali ya aina ya kwanza tu. Katika karne ya 19, chini ya himaya ya Busaidi, mashamba makubwa ya minazi yalianzishwa Mafia kwa jasho la watumwa. Mwaka 1890, Wajerumani walipoipata pwani ya bara kutoka kwa Sultani kwa marki milioni nne, Mafia ilikwenda pamoja nayo. Chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza, nazi na mbata vilikuwa lugha ambayo kisiwa kilizungumza na serikali. Mnazi ulihesabika, ulitozwa kodi, uliwekwa rehani. Mpunga uliliwa. Zao linaloliwa na aliyelilima halipiti bandarini wala halijazi kitabu cha forodha, na historia iliyoandikwa kwa vitabu vya forodha ikalisahau.

Uhuru haukubadilisha macho hayo kwa kiasi tulichotarajia. Baada ya nazi ilikuja korosho, na baada ya korosho ikaja bahari yenyewe. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya Mafia ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Eneo lake, nchi kavu na maji kwa jumla, ni kilomita za mraba 822. Sipingi hifadhi. Matumbawe yaliyopauka vibaya kwa joto la mwaka 1998 yanahitaji ulinzi, na wapo wavuvi walioiunga mkono hifadhi ili baruti iondoke. Ninachosema ni kwamba, kwa mara nyingine, Mafia iliingia katika nyaraka za taifa kwa jina la kitu ambacho wengine wanakihitaji. Mabonde yake hayakuwa na wa kuyasemea.

Hali ilikuwa hiyo mvua ilipoanza kubadilika. Rekodi za Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba mvua za masika zilipungua kwa jumla kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2010, hata pale mifano ya kompyuta ilipotabiri kwamba zingeongezeka. Kisha zikaja baadhi ya masika nzito kupita kiasi. Vuli nayo imekuwa ikiyumba kwa kufuata joto la Bahari ya Hindi: bahari ya magharibi, upande wetu, inapopata joto kuliko ile ya mashariki, mvua humwagika bila kipimo, kama ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019. Hali ikigeuka, ukame hufuata. Kwa mkulima wa mpunga, jumla ya mvua ya mwaka si habari kubwa. Milimita zilezile zikinyesha katika siku kumi badala ya arobaini humwachia mafuriko, na baada yake ukavu. Ardhi huoshwa mara moja, kisha jua huivuta chumvi juu tena mpunga ukiwa umechanua.

Na mpunga hausamehe chumvi. Katika nafaka kuu tunazolima ni miongoni mwa zile dhaifu zaidi mbele yake, hasa unapokuwa mche mchanga na wakati wa kuchanua. Maji ya udongo yakifikia sehemu moja ya kumi tu ya chumvi ya bahari, aina za kawaida huwa zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Ncha za majani hukauka, mashuke hutoka yakiwa meupe na mepesi, na mkulima anayeyapuliza mkononi huona makapi yakiruka. Bonde halifi mwaka mmoja. Hupunguza magunia mwaka huu na mwaka ujao, hadi siku moja mwenye shamba anaona gharama ya mbegu na ya kulinda ndege imezidi anachovuna. Siku hiyo haiandikwi popote.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tarehe 4 Mei 2024 mawingu yalileta kisichozoeleka kabisa: kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mpunga wa masika ukiwa ungali shambani. Pwani yetu iko karibu mno na ikweta kwa vimbunga vya kawaida, na vile vilivyowahi kuipiga, kama cha Unguja mwaka 1872 na cha Lindi mwaka 1952, vilikumbukwa kwa vizazi. Kimbunga hakileti upepo na mvua pekee, maana huiinua bahari pia. Maji ya bahari yakipanda mpaka bondeni na kutuama, huchukua misimu kadhaa ya mvua nzuri kuyaosha, na mvua nzuri ndiyo hiyo tunayoitafuta.

Hapa msomaji makini ataniuliza swali ambalo nami nimejiuliza. Je, bahari haijawahi kula ardhi ya Mafia? Imekula, tena sana. Huko Ras Kisimani, upande wa magharibi, sehemu kubwa ya mji wa kale uliostawi kabla ya Wareno imekwisha kumezwa na mawimbi. Kua nao ulihamwa katika karne ya 19, baada ya uvamizi wa Wasakalava kutoka Bukini walioua watu na kuchukua mateka. Watu wa Mafia hawakuwahi kuishi katika kisiwa kisichobadilika. Walihama, walifungua mashamba mapya, waliacha bonde lipumzike, na walimwomba shemeji wa kijiji cha pili sehemu ya kulima, kwa sababu ukoo wa pande mbili uliwapa jamaa kila mahali.

Lakini jibu hilo linatupeleka kwenye kiini cha hoja yangu. Uwezo wa kustahimili uliotokana na kuhama umepungua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 wilayani Mafia. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Kuna mpaka wa hifadhi, kuna viwanja vya hoteli, kuna mashamba yaliyopimwa na kupewa hati. Mkulima ambaye nyanya yake angehama mita mia mbili kutoka kwenye chumvi, leo akihama mita mia mbili anaingia katika ardhi ya mtu. Bahari inapanda polepole, sentimita 20 hivi kwa wastani wa dunia tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na siku hizi kwa kasi iliyozidi. Mipaka ya wanadamu ilisogea kwa kasi kubwa zaidi.

Tazama ng'ambo ya mkono wa bahari uone upande wa pili wa kisa hiki. Delta ya Rufiji ilitoa mchele mwingi katika karne ya 19 hata ikaitwa Calcutta ndogo. Huko kazi ya kuizuia chumvi ilifanywa na mto: mafuriko ya kila mwaka yaliteremka kutoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, yakasukuma bahari nje na kuacha tope. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliifanya serikali iwahamishe wakulima kutoka bondeni katika Operesheni Rufiji, kana kwamba mafuriko yalikuwa adui yao peke yake. Leo mto umefungwa na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti, mjadala wote ulihusu maji kuwa mengi mno. Ni wachache waliouliza swali la miaka ijayo: maji yakiwa machache mno kule chini, nani atakayeizuia bahari?

Ninaiweka delta kando ya Mafia ili tofauti ionekane. Rufiji, anayeamua kiasi cha maji matamu yanayokutana na chumvi sasa ana ofisi, na anaweza kuulizwa. Mafia, maji hayo hutoka angani, na hewa imebadilishwa kwa moshi wa viwanda vya nchi ambazo mkulima wa Kanga au Baleni hatazifika. Hawezi kuwashtaki wala hawezi kuhudhuria mikutano yao. Lakini isiwe sababu ya viongozi wetu kunawa mikono kwa kusema kwamba ni tabianchi. Tabianchi haikati mikoko inayovunja mawimbi mbele ya bonde. Haichimbi visima virefu vinavyovuta maji matamu kwa pampu hadi chumvi ikapanda. Wala si tabianchi inayopitisha ramani ya matumizi ya ardhi ambayo bonde la mpunga limeandikwa humo kuwa eneo wazi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina maombi matatu, yote yakiwa ndani ya mamlaka waliyo nayo. Kwanza, pimeni. Kipimo cha chumvi cha mkononi si kifaa cha anasa, na afisa ugani anayepima visima na mabonde yaleyale kila mwisho wa kiangazi na kila mwisho wa masika, kwa miaka mitano, atakuwa ameandika sura ya historia ya Mafia ambayo sisi wa vyuoni hatuwezi kuiandika. Pili, mnapoandaa mipango ya matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yaandikeni mabonde ya mpunga kwa majina yake, na haki za wanawake waliyoyalima ziandikwe pamoja nayo. Sheria hiyo inatambua haki za kimila na kuwalinda wanawake. Ni aibu hati itoke kwa jina la mume katika ardhi ambayo mila yenyewe ilimpa mke. Tatu, kajifunzeni Pemba, ambako wakulima na serikali wamejenga matuta kuzuia maji ya bahari yasiingie mabondeni. Mengine yamefaulu na mengine yamebomoka. Yote mawili yana mafunzo.

Kwa wanaharakati nina tahadhari. Mbegu zinazovumilia chumvi zinazalishwa, na ni jambo jema. Lakini mbegu ya kununuliwa kila msimu humwingiza dukani mkulima ambaye uhuru wake ulikuwa katika kuchagua mbegu kutoka ghala lake. Ulizeni nani anaizalisha, nani anaiuza, na kama mwanamke wa bondeni anaweza kuihifadhi na kuipanda tena mwaka ujao.

Na kwenu wanafunzi wangu, turudi kwenye swali la mwanzo. Mchele unaofika Mafia leo kwa chombo kutoka Nyamisati unaweza kujaza sufuria, na hakuna atakayekufa njaa kwa sababu bonde moja limeingia chumvi. Kinachopotea ni mahali ambapo mwanamke asiye na mnazi wala mshahara alikuwa na mali ambayo hakuhitaji kumwomba mtu. Akipoteza bonde atanunua mchele, na kwa kuununua atahitaji fedha, na fedha katika kisiwa kile ziko katika mnazi, samaki na hoteli, ambavyo kwa sehemu kubwa viko mikononi mwa wengine. Chumvi inagawa upya mali ya Mafia bila kikao chochote cha kijiji kupiga kura.

Mwaka huu nitaliuliza swali langu tena. Lakini kabla ya kuwauliza, nitawatuma kwa nyanya zao, pwani au bara, wakaulize mabonde waliyolima yaliitwaje, nani aliyarithi, na yako wapi sasa. Majibu watakayoleta ndiyo yatakayokuwa maandishi ya kozi.